Rimu za Spoti na Uzito wa Shangazi

Tangu soko liwe huria, hata Singida mjini tunachagua rimu za Japani. Juzi nilikuwa kwenye duka la spea nikitafuta plagi ya gari langu, ambalo limenizungusha nchi nzima, mara nyingi likivutwa. Nje ya mlango kijana mmoja alikuwa anafungiwa rimu za spoti kwenye kigari chake cha zamani, apate kwenda nacho kijijini Issuna kuposa.

Nati ziliingia. Tairi zilichungulia nje ya madigadi, naye akarudi nyuma kulitazama gari, mikono kiunoni, kama mtu aliyekwisha kukubaliwa.

Kisha shangazi yake, ndiye msemaji wa posa, akapanda kiti cha nyuma. Kigari kikachuchumaa, madigadi yakakalia tairi.

"Rimu hazina tatizo, bosi," muuzaji akamwambia kijana. "Ni abiria. Shikamoo, mama. Huwezi kupanda basi?"

"Marahaba. Naweza," shangazi akajibu bila kushuka. "Nao wakwe wakiuliza nani amekuja kumsemea, rimu zitajibu?"

Kijana akawa anapapasa rimu kwa kiganja, macho yakiwa kwa shangazi. Soko huria limetuletea vitu vya kuchagua, lakini halijatuletea wa kutuposea. Mwishowe akaomba zifunguliwe, zirudishwe zile zake nyembamba za chuma.

"Nikuwekee hizi mpaka lini?" muuzaji akauliza.

Shangazi akatoa kichwa dirishani. "Muwekee mpaka aoe. Akishaoa, hatanibeba tena."