Mwalimu Anaclet na Ng'ombe wa Valais

Anaclet alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, shahada moja ya jiografia, na mashaka yasiyohesabika. Zamani, alipokuwa akimalizia chuo kikuu Bujumbura, profesa wake, ambaye alikuwa Mswisi, alimpa mada ya tasnifu: ardhi, watu na utawala wa kantoni ya Valais. Maktaba ilikuwa na rafu nzima ya vitabu juu ya Valais. Juu ya Ruyigi, alikozaliwa mwanafunzi mwenyewe, hakikuwapo hata kimoja. Ikawa kwamba mtu ambaye hajawahi kugusa theluji aliweza kutaja wilaya zote kumi na tatu za bonde la mto Rhône, huku akishindwa kueleza mto wa kwao unaanzia wapi.

Elimu hiyo haikumsaidia kitu huko Durban, Afrika Kusini. Tangu alipofika mwaka 1995, akikimbia vita vya kwao, alikuwa akiuza kadi za simu katika kibanda cha Greyville, jirani na saluni ya Mama Joséphine, na wateja walimwita "Papa wa simu", yaani baba wa simu. Hakuwalaumu. Ila kila walipomwita hivyo alihisi yule mwalimu aliyekuwa ndani yake akirudi nyuma hatua moja zaidi, na alihofu kwamba siku moja angegeuka kumtafuta asimwone.

Ndiyo maana, Mama Joséphine alipomletea habari mwezi Machi 1998, alifunga kibanda kabla ya saa ili amsikilize vizuri. Parokia ya Sydenham ilikuwa inaanzisha masomo ya Jumamosi kwa watoto wa Wakongo na Warundi, na kamati ya wazazi ilitafuta mwalimu wa jiografia. Sharti lilikuwa moja tu: afundishe kwanza mbele ya wazazi, ndipo waamue.

"Utafundisha nini?" Mama Joséphine aliuliza.

"Valais."

"Hiyo iko wapi? Karibu na Pinetown hapa jirani?"

Alikesha siku tatu na swali la kufundisha nini. Busara ilimwambia afundishe juu ya nchi hii anayoishi. Uaminifu ukamjibu kwamba haijui vya kutosha. Afadhali, aliwaza, mtu ajaribiwe kwa kile anachokijua, hata kama hakina kazi.

Jumamosi ikafika. Wazazi kama thelathini walikuwa wamebanana kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Mbele kabisa alikaa Jacques, mwenyekiti wa kamati, mtu wa Bukavu aliyefanya kazi kwenye ghala moja kule Mobeni na aliyejulikana kwa kutopendezwa haraka. Anaclet akasimama, akakohoa, akaanza kama alivyofundishwa yeye na walimu wake, na wao na walimu wao:

"Andikeni. Kichwa cha somo: Kantoni ya Valais. Pigeni mistari miwili kwa wino mwekundu. Moja, mahali. Nukta. Valais iko kusini-magharibi mwa Uswisi. Nukta. Eneo lake ni kilomita za mraba elfu tano mia mbili ishirini na nne. Nukta. Kilele kirefu kuliko vyote, Dufour, kina mita elfu nne mia sita thelathini na nne. Nukta."

Aliinua macho. Hakuna aliyeandika. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kusinzia.

"Mwalimu," Jacques akasema, "sisi hatukuleta biki. Na hapa Durban watoto hawaandikishwi hivyo tena. Hii ni masomo ao ni polisi anachukua maelezo?"

Kicheko kikazunguka ukumbi. Anaclet alitazama karatasi zake. Nukta zote zilikuwa zimepangwa, na hakujua kuanzia wapi bila hizo. Hapo alijua kwamba amekwisha, na karibu ashukuru kwa kuwa mambo yamekwisha upesi.

"Eish, mwacheni," Mama Joséphine akadakia. "Papa, tuambie tu. Hao watu wa milimani wanaishi na nini?"

Akaweka karatasi chini. "Na zabibu. Na ng'ombe."

Kule nyuma Niyonkuru, Mrundi aliyelinda magari karibu na uwanja wa mbio za farasi, akanyoosha shingo. "Ng'ombe wa rangi gani?"

"Weusi. Wafupi, wenye vifua vipana. Wanaitwa Hérens. Kila majira ya kuchipua majike hupambanishwa. Hakuna anayelazimishwa, wanasukumana kwa pembe mpaka mmoja ageuze uso aondoke. Anayeshinda wote anaitwa malkia."

"Majike?" Niyonkuru alikuwa amesimama. "Na madume?"

"Madume hawahusiki."

"Hapo wako na akili!" Mama Joséphine akapiga makofi, na wanawake wote wakamfuata.

Anaclet hakukumbuka baadaye ni lini alitoka nyuma ya meza. Alieleza jinsi wakulima walivyochonga mifereji kwenye kuta za miamba kuteremsha maji ya theluji, na jinsi kila familia ilivyopewa saa zake za maji. Mama mmoja akauliza wanasema lugha gani. Mbili, akajibu: juu Kijerumani, chini Kifaransa.

"Na hawapigani?"

Wengi ukumbini walikuwa wamekimbia jambo hilo hilo. Angeweza kuwapamba Waswisi. "Walipigana," akasema. "Wa juu waliwatawala wa chini zaidi ya miaka mia tatu. Siku hizi serikali yao ina watu watano, na mmoja anakuwa rais kwa mwaka mmoja tu. Ukiisha, anampisha mwenzake."

"Mwaka mmoja?" Jacques akashangaa. "Anatoka mwenyewe? Bila kusukumwa na jeshi?"

"Mwenyewe."

"Wewe Jacques," sauti ya Niyonkuru ikatoka nyuma, "uko mwenyekiti wetu tangu lini?"

Kicheko kililipuka hata yule mzee akaamka. Jacques hakucheka. Alimkazia macho Anaclet kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga katiba ya Valais, naye Anaclet akaona kazi yake ikiteremka mlima.

"Mwalimu," Jacques akauliza taratibu, "huyo rais akiachia kiti, anarudishwa nyumbani?"

"Hapana, Papa Jacques. Anabaki serikalini, mmoja wa wale watano. Na zamu yake inaweza kurudi."

Jacques akafikiri. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, kisha tumbo, kisha kiti kizima cha mtoto kikalia chini yake. "Anabaki! Basi hao si wajinga. Wenye kumtaka huyu, mikono juu!"

Ikanyanyuka yote; mkono wa Jacques ulikuwa wa mwisho, lakini ulinyanyuka.

"Ila hakuna kuandikisha," akaongeza. "Na Jumamosi ijayo unaanza na milima ya hapa, Drakensberg."

"Hiyo siijui vizuri," Anaclet akakiri.

"Iko siku saba, Mwalimu. Sharp?"

"Sharp," akajibu, na neno hilo geni la kukubaliana, la mitaa ya Durban, likamtoka kwa urahisi uliomshangaza. Alitaka kwenda kutafuta ramani palepale, lakini Niyonkuru alikuwa amekwisha kumshika mkono, akidai kujua yule malkia mweusi hutoa maziwa kiasi gani kwa siku.