Kipulizio Kilichobaki Mfukoni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, kesho yake Pasaka, nami nilikuwa Makambako nimevaa suti ya kuazima. Lakini ngoja, naona nimeanzia katikati. Wewe kaa hapo kwenye kigoda. Mimi niache nitembeetembee, unajua sijawahi kukaa kitako nikazungumza, na leo ndiyo kabisa.

Yule binti wa ofisi ya nyaraka alikuja wiki iliyopita na glavu zake nyeupe, akatandaza mkekani vitu vyote vya sanduku langu la bati, akavifunga vikaratasi vya namba. Kulikuwa na picha ya Upepo Jazz, sisi saba tumesimama mbele ya soko, nywele tumezipasua njia upande. Kulikuwa na cheti cha ndoa cha usharika, kimeliwa na mende pembeni. Picha ya studio ya Rehema, mke wangu wa pili, nyuma yake wamechora ngazi za jumba ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulikanyaga. Kitana cha mti cha Anjela wa Lupingu, mke wa tatu, ambaye alinivumilia masika mawili tu, wala simlaumu. Ndipo akafika kwenye kipande kidogo cha shaba kinachoenea kiganjani. "Babu, hiki ni cha bendi gani?" Nikamnyang'anya, mpaka akashtuka. Nikamwambia hicho hakiendi popote. Aliponiuliza sababu nikajifanya sisikii vizuri, uzee nao una faida zake.

Zamani hizo za Mwingereza, usharika wetu kule juu ya Njombe ulikuwa na matarumbeta yaliyoachwa na wamisionari wa kwanza. Mengi yalikuwa yamekufa. Lililobaki na sauti ni moja, na mpigaji wake nilikuwa mimi, nikimfundisha kijana mmoja, Elia. Sasa baridi ya kwetu unaijua, asubuhi shaba inang'ata midomo. Kwa hiyo nilikuwa nakichomoa kipulizio, yaani hicho kipande cha kuwekea midomo, natembea nacho mfukoni kipate joto la paja. Nililima nacho, nililala nacho, kama mwingine anavyotembea na kikopo chake cha ugoro.

Na tulikuwa na desturi yetu. Alfajiri ya Pasaka tulipanda makaburini kabla ya jua, mwinjilisti akasoma majina ya waliozikwa tangu Pasaka iliyopita, na kila jina likapigiwa tarumbeta ubeti mmoja, wafiwa wamesimama kando ya kaburi. Jina lilisomwa mwaka ule tu. Pasaka inayofuata ilikuwa zamu ya wengine. Mwaka huo ninaokusimulia jina lilikuwa moja, la mzee Yoeli, baba yake Tabita, mke wangu wa kwanza. Tabita alimpenda baba yake jamani! Tangu Kwaresima alikuwa akiniuliza nitampigia wimbo gani, akiuimba polepole huku anapepeta mahindi.

Siku ya Ijumaa Kuu nikaletewa habari kwamba Upepo Jazz wamepungukiwa mpigaji, dansi ni kesho jioni Makambako, na wana tarumbeta jipya linalong'aa. Dansi siku kama ile! Wazee wangejua wangenitenga na meza ya Bwana. Lakini nilikuwa kijana, miguu inawasha, nikisikia lori linapita barabarani nashindwa hata kumaliza kula. Asubuhi yake Tabita alinikuta napiga kiatu rangi.

"Utarudi lini?"

"Usiku huu huu. Nitawahi."

"Na usipowahi?"

"Tarumbeta si liko kabatini kanisani? Elia atapiga."

Akanitazama kidogo. "Mimi sikuolewa na Elia," akasema, akarudi jikoni.

Makambako kulikuwa na upepo wake ule ule, unakupiga vumbi mpaka kwenye meno. Ukumbi ulijaa mapema. Lile tarumbeta jipya, mwanangu, lilinitii kuliko kitu chochote nilichowahi kushika, nikaona dunia yote ni yangu. Kati ya wimbo wa tatu na wa nne nikatia mkono mfukoni kutafuta leso nijifute jasho. Vidole vikagusa kipulizio.

Elia angefungua kabati angekuta tarumbeta halina mdomo.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Kusahau si kosa kubwa, kila mtu anasahau. Jua lilikuwa bado halijazama. Nje palikuwa na lori la kwenda Njombe, na dereva, mtu wa Makete, alikuwa anapiga honi. Nilitoka mbio mpaka mlangoni. "Wewe wa Njombe, unapanda? Leo hakuna jingine," akasema. Nyuma yangu watu wanaliita jina langu, Lameki, Lameki! Mbele yao alikuwa Rehema na gauni la njano, ambaye nilikuwa bado simjui. Nikamwambia dereva atangulie, nitapanda la usiku wa manane, nitawahi. Nilikuwa na kipulizio mkononi wakati nasema hivyo.

Lori la usiku wa manane lilizama kwenye tope. Tulilisukuma mpaka mchana, watu wanatoka ibadani na nguo zao safi wanatupita. Nilifika nyumbani jioni, suti imeganda udongo. Aliyekuwa uani ni Baba Mdogo Yeremia, mdogo wake marehemu Yoeli. "Kamwene," nikamsalimia. Akaitikia, akanionyesha pa kukaa. Sikukaa.

"Mkwe, jina limesomwa," akasema. "Elia akainua tarumbeta, akaliona lile tundu, akalishusha. Tulikungoja mpaka jua likatoka. Hakuna aliyekutukana. Tulijua huwezi kuacha hivi hivi, tukasema lori limepinduka, Lameki amekufa. Tabita amelia pale kaburini, lakini hakumlilia baba yake. Alikulilia wewe."

Afadhali angenichapa fimbo. Nilikimbia kanisani nikachukua tarumbeta, nikapanda makaburini. Tabita alikuwa anang'oa majani kwenye kaburi. Aliponiona mzima alishika kifua, akashusha pumzi. Kisha akaiona suti ya dansi. Nami kwa ujinga wangu, badala ya kusema neno, nikachomeka kipulizio nikaanza kupiga.

"Sasa unampigia nani, Lameki?"

Niliendelea tu. Midomo ilikuwa imevimba kwa dansi, sauti inakatikakatika. Sijafika nusu ya ubeti nikamwona anateremka kilima, hakugeuka nyuma.

Hakuniacha siku hiyo. Alinipikia, alinifulia, tulilima pamoja mpaka mavuno. Ila hakuniuliza tena nitarudi lini. Nikawa natoka natakavyo, nikajisifu kwa wenzangu kwamba mke wangu amekuwa mpole. Kumbe ndoa ilikuwa imeshakwisha, mimi peke yangu ndiye sijaambiwa. Nilirudi kutoka safari ya Ludewa nikakuta amekwenda kwa kaka zake Makete. Cheti alikiacha mezani. Rehema naye aliniuliza miaka miwili, akachoka. Anjela unamjua kwa kitana chake. Nyimbo zangu zilipigwa mpaka pwani, lakini mpaka leo nikisikia gari usiku naamka navaa viatu, halafu nakaa kitandani sijui naenda wapi.

Mwanangu, jana nilikusikia kwenye simu. Mkeo anakuuliza ubatizo wa mtoto Jumapili, nawe una muziki wako huko mjini Jumamosi, ukamwambia, "Nitawahi." Basi nikashindwa kulala. Sikukatazi muziki, mimi nani wa kukukataza? Nakwambia hivi: mambo mengine husomwa mara moja, na aliye nyumbani akikuuliza utarudi lini anakupenda bado. Mjibu angali anauliza. Ukikumbuka ulichosahau na lori bado lipo, panda hapo hapo, waache wanaoliita jina lako waite.

Shika hiki, kitie mfukoni. Mungu akujalie safari nyepesi, akujalie mlango unaofunguliwa ukibisha, na asikunyime maisha yako yote mtu wa kukuuliza utarudi lini. Haya, simama. Basi la kwenu linaondoka saa tisa, na mimi nitakusindikiza mpaka stendi nikuone umepanda.