Fundi wa Keroka na Bolti za Baba Mkwe

Ukungu haujaondoka Keroka, na tayari Manasseh Obwocha anaitukana bolti.

"Mwongo wewe! Umesuguliwa unang'aa kama bibi arusi, na ndani umeoza!"

Ameiinua juu kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku kwa shingo. Wenye maduka ya jirani hawashtuki. Wao husema fundi huyu akipandwa na hasira, sauti yake hufika Nyansiongo kabla ya basi la kwanza, na ng'ombe wa huko hukataa kukamuliwa mpaka anyamaze.

Obwocha hufungua injini za malori na kuzifunga tena. Kinachomchoma ni swali moja analoulizwa na kila mteja: bolti ya zamani si inatosha tu?

"Kamuulize aliyezikwa kwa sababu yake," huwajibu.

Hakisii. Kwanza huizungushia bolti nati mpya kwa vidole vitupu. Nati ikikwama katikati, basi bolti imevutika na meno yake yamepotoka. Kisha huiloweka kwenye mafuta ya taa, huipangusa ikakauka, na kuinyunyizia unga mweupe wa jiwe laini la kuchongea la Tabaka, ule unaobaki miguuni pa wachongaji. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye unga.

"Hapo imekiri yenyewe," anasema. "Sijaipiga hata kofi."

Hasira hizi zilianza mwaka 1966. Mogaka, aliyetahiriwa naye msimu mmoja, alikuwa akiteremsha lori la ndizi kwenda soko la Daraja Mbili. Bolti ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ikakatika. Chuma kikatoboa injini, magurudumu yakakwama, lori likapinduka. Mogaka na wanawake wawili wenye ndizi hawakufika sokoni. Ikaja kujulikana kwamba aliyeifunga injini ile alirudisha bolti kuukuu bila hata kuzitazama.

Mazishini watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Obwocha alisimama katikati ya sala.

"Mungu hajawahi kufunga bolti!"

Walimtoa nje wakimshika mikono.

Bolti ya leo ina ugumu mwingine. Lori ni la Mzee Zachariah Nyasani, mzee wa kanisa la Wasabato na baba mzazi wa Drusilla, mke wa fundi. Mzee amesimama mlangoni kwa kofia na fimbo. Ijumaa anataka lori limpelekee kwaya Nyamira, kwenye makambi ya ibada ya kanisa, na liirudishe Jumatatu, na Drusilla ni mwimbaji wa kwaya hiyo. Bolti mpya zitatoka Nakuru wiki ijayo.

Na huku Gusii mtu hamkaripii baba mkwe. Heshima hiyo, chinsoni, haina mlango wa nyuma. Kwa hiyo wanaume hawa wawili wanagombana kupitia bolti.

"Wewe bolti," Obwocha ananguruma, akiitazama yenyewe tu, "mwambie mwenye lori una ufa!"

"Bolti," mzee anajibu polepole, "mwambie fundi umetoka kwenye injini hii hii ikitembea. Jana ulikuwa mzima. Umeugua lini?"

"Mwambie hata marehemu, jana yake alikuwa mzima!"

"Basi bolti, ingia mfukoni. Ng'ambo ya barabara kuna fundi asiye na maneno."

Drusilla anaingia na birika la chai. "Baba Nyanchera," anamwambia mumewe kwa jina la binti yao, "kwaya imejiandaa mwezi mzima. Funga tu, tutaenda pole pole. Mimi nitakaa mbele."

Obwocha anamtazama. Mzee anainama kuzikusanya bolti.

Fundi anamtangulia. Anaibana ya kwanza kwenye jiliwa, anashika nyundo, anaipiga mpaka inapinda. Ya pili. Ya tatu. Hata zile ambazo hazikuonyesha kitu kwenye unga, kwa maana zote zimebeba mzigo mmoja. Kila pigo linatua mbele ya baba mkwe, na majirani waliojaa mlangoni wanajua maana yake: chinsoni imevunjwa.

Mzee Nyasani anaikaza kofia yake kichwani. Anageuka na kuondoka. Drusilla anaweka birika chini na kumfuata baba yake.

Kufikia jioni ujumbe umeletwa: fundi asikanyage boma la wakwe mpaka apeleke mbuzi wa kuomba radhi, na wazee ndio watakaoamua kama wampokee.

"Nitampeleka," anasema Obwocha. "Lakini sitasema nilikosea. Mbuzi na alie kwa niaba yangu!"

Ijumaa kwaya inaondoka kwa miguu, magodoro kichwani, ikiimba. Inapofika mbele ya gereji, wimbo unakatwa ghafla. Wanapita kimya, mmoja mmoja, na Drusilla anapita akitazama mbele. Wimbo unaanza tena wakishavuka.

Obwocha anapangusa nyundo ambayo haina uchafu. Bolti zikifika, anasema, atalifunga lori lile yeye mwenyewe, bila malipo, wapende wasipende. Kisha anahesabu migongo yao hadi wanapopotea kwenye kona.

"Waninunie mwaka mzima," anasema, bado amekasirika. "Mradi Jumatatu wapite hapa wote."