Kasimiri Alivyotua Mzigo Stesheni

Wapwa zangu, fundi mwenye maringo hamjapata kumwona, maana hamkumkuta Kasimiri wa karakana ya reli Tabora. Alidai kwamba behewa likipita yeye amelala, humtajia mkewe gurudumu gani linalia. Alikuwa anatia chumvi, lakini kidogo.

Mwaka 1949 ikaja barua: Kasimiri ahamie Tororo, Uganda. Zamani neno kama hilo lingekwisha kwa bwana mkubwa wa Tabora, mzungu mmoja mnene aliyemjua Kasimiri kwa jina. Lakini Waingereza walikwisha kuziunganisha reli za Tanganyika, Kenya na Uganda, na kichwa cha muungano huo kikawekwa Nairobi. Tabora ikabaki kidole cha mguu.

Na Pelagia, mkewe, alikuwa hospitalini Kitete, amepooza, nusu ya mwili haina habari. Watoto hawakujaliwa. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, wa kumgeuza kitandani ni Kasimiri peke yake.

Akaenda kwa karani Yoramu kuomba abaki Tabora.

"Shikamoo, Mzee. Andika maombi, tutayapeleka Nairobi."

"Marahaba. Watajibu lini?"

"Wakipenda."

"Na bwana mkubwa wetu?"

"Naye anaandika maombi siku hizi. Aliomba kiti mwaka jana, mpaka leo kakalia kreti."

Hapo Kasimiri akamkumbuka marehemu baba yake, mpagazi aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo mara tisa. Wapagazi wa Kinyamwezi wakionewa hawakupiga kelele. Walitua mizigo njiani, wakaikalia, msafara mzima ukasimama mpaka mwenye mali atoke hemani aje kusema nao. Na alikuwa anakuja, apende asipende.

Jumatatu asubuhi Kasimiri akalitua sanduku lake la vifaa stesheni, pale abiria wanapopandia, akalikalia.

Yahaya, Mzaramo wa karakanani na mtani wake, akamsimamia kichwani. "We Mnyamwezi, unauza nini?"

"Nimetua mzigo. Mwenye mali atakuja."

"Mwenye mali yuko Nairobi, bwana. Baba yako akitua, pembe zinalala chini. Wewe umetua, na treni ile inaondoka."

Ikaondoka kweli. Hata filimbi haikukosea saa.

Akakaa siku tano. Bwana mkubwa alitoka mara moja, akamtazama, akasema taratibu, "Hata mimi sina amri, Kasimiri," akarudi ndani.

Jumamosi akaja Yoramu, macho chini. Sheria ilikuwa mpya, moja kwa nchi zote tatu: siku tano nje ya kazi bila ruhusa, jina linafutwa na nyumba ya reli aliyopewa fundi inarudishwa.

Kasimiri akasimama. "Basi nitakwenda Tororo. Nitakwenda leo."

"Wamekwisha kumpeleka mtu wa Kisumu, Mzee."

Jioni akatembea mpaka Kitete. Mlangoni muuguzi akamkuta, amefurahi: mama anaendelea vizuri, Jumatano watamtoa, nyumbani kuwe na kitanda cha chini na chumba kisicho na upepo.

Kasimiri akaitikia kila neno. Akakaa kwenye benchi la nje. Dirishani aliisikia sauti ya Pelagia, ulimi mzito, akimuuliza mgonjwa mwenzake kama mzee wake amefika. Saa ya kutazama wagonjwa ikaisha. Kasimiri akavaa kofia yake, akaondoka bila kuingia.