Wiki ya Pipa Nyumbani Kwetu

Mke wangu aliacha kazi benki, ofisi ya ghorofani yenye zulia na katibu muhtasi wake, akaenda kuongoza mfuko unaowekeza kwenye kampuni changa zenye kuleta faida na wakati huohuo kuwafaa watu. Mama mkwe mpaka leo huwaambia watu kwamba binti yake anauza bima. Mimi nimechoka kumsahihisha.

Kuna ukaidi wake mmoja unaonimaliza. Hapeleki kampuni yoyote mbele ya kamati ya mfuko kabla hajatumia bidhaa yake wiki nzima, na akitumia yeye, tunatumia sote. Tumelalia magodoro ya mabua. Tumepikia jiko lililotaka kubembelezwa kama mtoto mgonjwa. Nimekufa kiofisa, bila kulalamika.

Kisha kikaja choo. Mwenye kampuni, fundi mmoja mwanamke, maji yalikuwa yamemfika shingoni: bila fedha za mfuko angefunga milango mwisho wa mwezi. Choo chake hakihitaji maji. Chini kina pipa, na gari hupita kulichukua na kuacha jingine tupu, kwa hiyo kinafaa mitaa isiyo na mabomba. Mke wangu akatia kufuli choo chetu, akakiweka hicho kipya bafuni. Na nani akaja kutusalimia wiki hiyo hiyo? Mama mkwe!

Mwanzoni mambo yalikuwa safi. Halafu gari likaharibika, na kampuni nzima ilikuwa na hilo moja tu. Pipa likajaa.

"Mwanangu," mama mkwe akauliza, mtandio puani, "hii ni bima gani?"

"Fungua kufuli!" nikasema, damu ikinichemka.

"Wateja wa fundi wana kufuli la kufungua?" mke wangu akanijibu.

Akaiomba kamati inunue gari la pili kabla ya vyoo vipya. Mwenyekiti akakataa katakata: gari ni gharama tu, vyoo ndivyo vinavyopendeza kwenye ripoti, na kama fundi hawezi kujitegemea basi aachwe. Mke wangu hakubishana. Aliwaalika wote wamalizie kikao sebuleni kwetu, akawajazia glasi za juisi, akawajazia tena. Nikaanza kumwelewa, nikaleta jagi jingine.

Haukupita muda, mwenyekiti akaanza kujipindapinda kitini. Akauliza choo kiko wapi. Mama mkwe mwenyewe akamwonyesha mlango, kwa heshima zote.

Alirudi upesi mno, macho yamemtoka.

"Hilo gari," akasema, "tukilinunua leo, litaanza kazi lini?"

"Kesho kutwa, mheshimiwa," mke wangu akajibu.

Mwenyekiti akaomba kalamu atie sahihi.

Fundi alipopigiwa simu alilia, na mke wangu naye akakimbilia jikoni ili wageni wasimwone akilia. Nilimfuata nikamkumbatia. Sijawahi kumwonea fahari kiasi kile, na wote wawili tulikuwa tumeziba pua.