Dada Dawa Arudi Wonogiri

Wartini alizaliwa Wonogiri, mashambani Java, penye kinu. Bibi yake alitwanga dawa za miti, mama yake, Karsi, akatwanga, naye kabla hajajua kuandika jina lake alishajua kwamba shina la bratawali, ule mmea mchungu unaotambaa, huchemshwa mpaka maji yabaki nusu, na kwamba mteja akishameza kikombe kichungu, lazima umpe funda la tangawizi yenye sukari.

"Usimwache mtu na uchungu mdomoni," Karsi alimfundisha. "Ni dhambi hiyo."

Mume wa Wartini alipofariki na shamba likakauka, ilimbidi aende Jakarta kutembeza chupa za dawa mgongoni kama wanawake wenzake. Lakini Lasmi, mwanawe wa mwaka na nusu, alikuwa bado ananyonya. Basi akafanya wafanyavyo wote kwao: akapaka bratawali kwenye titi ili kumwachisha. Mtoto alinyonya, akashtuka, akamtazama usoni. Siku ya tatu hakuomba tena. Siku ya nne Wartini akamwachia Karsi mtoto, akapanda basi, kifua kinamuuma kwa maziwa. Sithubutu kumlaumu, njaa haina adabu. Lakini mtazamo ule haukumtoka, na hakuna tamu aliyompa mtoto baada yake.

Jakarta walimwita Dada Dawa. Jina lake hawakuliuliza. Idi ya kwanza alikosa nauli. Ya pili alirudi na gauni jekundu la Lasmi. Mtoto akajificha nyuma ya bibi yake.

"Nenda kwa mama'ako, wee!" Karsi akamsukuma. "Ebo! Kwani anang'ata?"

Lasmi akaunusa mkono wa Wartini wenye manjano ya dawa, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Wartini akaenda kisimani, akausugua kwa majivu mpaka ukachubuka. Harufu haikutoka.

Majirani walipokuja kuombana radhi za Idi, walimtania. "Haya, Dada Dawa wa Jakarta, tumiminie bwana! Tuone kama mji haujakuharibu mkono!"

Akamimina, akicheka nao. Ndipo Lasmi akamjia mwenyewe, bila kusukumwa, kashika kikombe. Moyo wa Wartini ulimruka kwa furaha.

"Dada Dawa," mtoto akasema, "mama anaomba ile chungu."

Akamwonyesha Karsi kwa kidole. Karsi akainamisha uso.

Wartini akamimina kichungu, kisha akachukua kikombe kingine, akatia tangawizi iliyobaki.

"Mpelekee mama," akasema. "Na hii tamu mpe, asibaki na uchungu mdomoni."