Dawa ya Ngamia Asiyekamuliwa

Mpaka leo nikisikia mtu akisema "hiyo kazi tuwape watu wa Nairobi", damu inanichemka. Niacheni niseme, maana ofisini nilisema na hakuna aliyenisikiliza.

Nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha dawa za mifugo hapa Isiolo mjini. Tulitengeneza dawa ya kupaka ya upele wa ngamia. Ni dawa nzuri, wallahi, nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi. Lakini dawa haiuzwi mpaka isajiliwe, na siku hizi mamlaka ya dawa za mifugo haipokei makaratasi. Kila kitu kinapakiwa mtandaoni kwa mpangilio wao: utafiti, majibu ya maabara, lebo, kila ukurasa uweze kutafutwa maneno yake, kila sehemu iwe na kiungo cha kuifungua. Ukikosea kidogo tu, mfumo unakurudishia mzigo wote.

Tukakaa kikao, mimi na mkurugenzi. Yeye ni mzee wa hapa hapa, wa zile familia za askari wa zamani waliopewa makao hapa na Mwingereza, alianza na malori ya kwenda Merti ndipo akaingia kwenye dawa. Swali lilikuwa moja. Faili tuliandae wenyewe, mimi nipelekwe mafunzo na ninunuliwe programu, au tukodishe kampuni ya Nairobi ambayo kazi yake ni hiyo tu? Nilimwomba anipe mimi. Nilimwambia wale wanajua mfumo, lakini hawajui ngamia. Akacheka, akaniuliza stima ya Isiolo ikipotea katikati ya kupakia nitamwita nani. Kampuni ikapewa kazi, na akaunti kwenye mfumo wa mamlaka ikafunguliwa kwa jina lao, si letu. Hata kuchungulia sikuweza.

Sasa, kuna kitu lazima ukielewe. Upele haungoji ngamia aache kunyonyesha. Unampata akiwa na ndama, anakamuliwa, watoto wa nyumba wanamtegemea yeye. Kwa hivyo swali la kwanza la mfugaji ni hili: nikishampaka, maziwa yake yatanyweka lini? Ndiyo maana nilienda Gotu kwa shangazi yangu, dada ya baba, mjane mwenye ngamia wachache. Tuliwapaka wale wenye upele, na kila asubuhi alikamua kwenye chupa zangu. Ukame ulikuwa mkali, na hayo ndiyo maziwa ambayo wajukuu wake wangekunywa. Hakulalamika hata mara moja. Alisema maadamu dawa inakuja, watoto watavumilia.

Maabara ikapima, majibu yakawa mazuri. Ukisubiri siku chache baada ya kupaka, maziwa ni salama. Ile ripoti niliikabidhi Nairobi pamoja na mengine yote, nikawaambia kwamba hiyo ndiyo roho ya faili.

Kibali kilikuja. Mkurugenzi akanunulia ofisi nzima soda. Nikafungua lebo iliyoidhinishwa, soda mkononi, nikasoma: isitumike kwa mnyama ambaye maziwa yake hunywewa na watu. Nikasoma tena. Soda ikanishinda, nikaiweka chini.

Nilimpigia yule bwana wa kampuni. Alikuwa na adabu nyingi, madam hapa, madam pale. Akanieleza ati ripoti ya maziwa ilikuwa imeskaniwa vibaya, kurasa zimepinda, maneno hayatafutiki, mfumo ukaikataa. Kuipanga upya kungechelewesha faili lote. Kwa hivyo waliitoa, na dawa isiyo na ripoti ya maziwa huandikiwa hayo maneno.

"Ni sentensi moja tu, madam," akasema. "Na mkurugenzi wenu alikubali."

Alikubali. Mtu aliyelelewa kwa maziwa ya ngamia kama mimi. Niliingia ofisini kwake bila kubisha. Hakunificha: walimpigia simu, alikuwa amechoka kungoja, akawaambia watoe. Kisha akaniambia nisijisumbue, dawa iuzwe tu. "Kwani nani husoma karatasi huko Gotu?"

Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli. Nilimwambia maneno ambayo mtu wa rika la binti zake hapaswi kumwambia, na siyajutii hata moja. Akageuza uso akaangalia dirisha.

Gotu nilienda mwenyewe, kwa sababu shangazi alishasikia dawa imetoka na alikuwa ameulizia. Ngamia wake mmoja, yule pekee ambaye ukame haukumkausha maziwa, upele ulikuwa umemla kutoka shingo hadi mapajani. Shangazi hajui kusoma, lakini hakuna kitu kinachopakwa mnyama wake kabla hajasomewa maandishi yake. Nikamsomea. Nikaongeza haraka kwamba tulishapima, siku chache tu zinatosha. Akauliza kama hilo limeandikwa. Nikasema halijaandikwa.

"Maziwa ya hawa watoto nilikupa wewe mkononi," akasema. "Uliyapeleka wapi?"

Sijawahi kuona aibu na hasira vikikaa pamoja kifuani namna ile.

Alimpaka ngamia, maana angemwacha angempoteza. Lakini alikataa kumkamua. Alisema mimi ni damu ya kaka yake na ananiamini, ila karatasi ina muhuri, na wanaonunua maziwa mjini wanaogopa muhuri. Siku watakapomuuliza atasema nini? Na alichokatazwa kuuza hawezi kuwapa wajukuu. Basi ndama anyonye peke yake. Akaingia ndani, akatoka na chai. Ilikuwa strungi, nyeusi kabisa, bila tone la maziwa. Nyumba yenye ngamia kumpa mgeni strungi ni aibu, na yeye alijua kwamba najua. Wajukuu walikuwa wameshika vikombe vyao, chai nyeusi vilevile.

"Kunywa," akaniambia. "Ndiyo chai ya dawa yenu."

Nikanywa yote. Niliporudi mjini nilimweleza mkurugenzi habari ya hiyo chai tu. Akachukua simu akawaambia Nairobi watukabidhi akaunti. Sasa iko kwa jina letu. Ripoti ya maziwa naipanga upya mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na stima ikipotea nangoja irudi. Halafu nitaipakia, na mamlaka itajibu itakapojibu. Kule Gotu watoto bado wanakunywa strungi, kwa sababu karatasi ilikataza maziwa na haikusema mpaka lini.